Slimfiti ni mkato, si saizi

Kwa miaka mingi imeaminika, madukani na hata miongoni mwa baadhi ya mafundi cherehani, kwamba shati au koti la slimfiti, yaani la mkato mwembamba unaofuata umbo la mwili, limekukaa vizuri pale tu linapokubana, na kwamba mnunuzi achukue saizi ndogo kuliko yake. Imani hiyo si sahihi, nayo imeharibu nguo nyingi nzuri.

Katika makoti ya Italia, namba 50 ni nusu ya kifua cha sentimita 100, uwe mkato mwembamba au mpana; kinachoongezeka katika mkato mwembamba ni tofauti kati ya kifua na kiuno. Anayeshuka hadi 48 hajapata mkato mwembamba zaidi, bali amejinyima nafasi ya kifua na mabega.

Funga kifungo cha koti mbele ya kioo. Kitambaa kikijikunja kwa umbo la X kukizunguka, koti limekubana. Kisha tazama bega, ambako binafsi ningeanzia, kwa sababu mshono wake unapaswa kukoma pale bega lako linapokoma, na kuurekebisha ni kazi ngumu na ya gharama, ilhali kupunguza kiuno ni kazi ya kawaida kwa fundi. Kwa hiyo nunua kwa kufuata mabega, kiuno kitafuata. Kwa shati, vidole viwili viingie kolani, na ukiketi, kitambaa kisiachame kati ya vifungo.