Je, wajua kwa nini farasi dume wengi duniani hutoka katika ukoo mmoja wa kiume?

Farasi wa Shetland, mbegu iliyotokana na visiwa vya kaskazini mwa Scotland, hasajiliwi akizidi sentimita 107 mabegani, ilhali Shire wa Uingereza, aliyezalishwa kwa ajili ya kuvuta mizigo mizito, hupita sentimita 170 na uzito wake hukaribia tani moja. Anayewaona wawili hawa wakiwa pamoja hudhani kwamba damu zao zilitengana tangu enzi za kale sana. Vipimo vya jeni vinaeleza habari nyingine. Farasi wote wa kufugwa ni jamii moja, na kwa upande wa baba wanakaribiana mno. Mwaka 2004 watafiti walipima sehemu ya kromosomu Y (moja ya nyuzi zinazobeba jeni), ambayo mtoto wa kiume huirithi kwa baba peke yake, katika farasi dume 52 wa mbegu 15, na hawakuona tofauti hata moja. Kwa mnyama aliyesambaa karibu dunia nzima na kugawanyika katika mamia ya mbegu, hilo ni jambo la kustaajabisha.

Sehemu ya jibu imo katika asili ya farasi wa kufugwa. Mwaka 2021 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Ludovic Orlando wa Toulouse, Ufaransa, lilichapisha uchunguzi wa DNA ya farasi wa kale 273, ukaonyesha kwamba farasi wa leo wanatokana na nyika za kusini mwa Urusi, katika eneo la mto Don na sehemu za chini za mto Volga. Kuanzia miaka ipatayo 4,200 iliyopita kizazi hicho kilienea upesi Ulaya na Asia, kikachukua nafasi ya karibu farasi wote wa mahali kilikofika. Watu wa Botai, katika Kazakhstan ya sasa, walikuwa wakiishi na farasi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo, lakini farasi wao hawakuwa mababu wa hawa wa leo. Uzao wao wa karibu zaidi ni farasi wa Przewalski wa Mongolia, ambaye ana kromosomu 66, mbili zaidi ya farasi wa kufugwa.

Hata hivyo, asili hiyo moja haitoshi kueleza umaskini wa upande wa kiume, kwa sababu upande wa kike una utajiri mkubwa. DNA ya mitokondria, ambayo hupitia kwa mama tu, ina matawi mengi sana katika farasi wa leo. Tena DNA ya farasi wa Waskithi, wafugaji wahamaji wa kale wa nyikani, waliozikwa pamoja na wakuu wao zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, inaonyesha kwamba wakati huo bado kulikuwa na koo kadhaa za madume. Kwa hiyo koo hizo zilipotea baadaye, mikononi mwa wafugaji.

Namna zilivyopotea inaeleweka kwa urahisi. Farasi jike hubeba mimba miezi kumi na mmoja na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, hivyo anayetaka kundi kubwa lazima awe na majike mengi. Dume mmoja, kwa upande wake, anaweza kupata makumi ya watoto kwa mwaka. Mfugaji huchagua dume mmoja bora, huwahasi wengine, na majirani huleta majike yao kwa dume huyo huyo. Utaratibu huu ukirudiwa vizazi kwa vizazi, koo za kiume hufutika moja baada ya nyingine ingawa idadi ya farasi inaongezeka. Mwaka 2017 Barbara Wallner wa Vienna na wenzake walionyesha kwamba madume wengi wa mbegu za siku hizi hurudi kwenye madume walioletwa kutoka mashariki, wa ukoo wa Kiarabu na wa Kiturkmeni, katika karne chache tu zilizopita. Koo nyingine zimebaki kwa uchache, hasa kaskazini mwa Ulaya na katika baadhi ya sehemu za Asia.

Ikiwa ndugu hawa wanakaribiana hivyo, tofauti zao kubwa zimetoka wapi? Nyingi zinatokana na jeni chache zenye nguvu. Utafiti wa mwaka 2012 uligundua kwamba sehemu nne tu za jenomu, yaani DNA yote ya farasi, zinaeleza zaidi ya asilimia 80 ya tofauti za ukubwa wa mwili baina ya mbegu. Mwaka huo huo ilitangazwa habari ya jeni ya DMRT3, ambayo kwangu ndiyo ya kuvutia kuliko zote: badiliko la herufi moja ya DNA hukatisha protini kabla haijakamilika, mpangilio wa neva za uti wa mgongo unaoratibu miguu hubadilika, na farasi huweza kutembea kwa namna ambazo wengine hawaziwezi. Farasi wa Iceland ni mfano mzuri. Mbali na hatua za kawaida, kwenda matiti (mbio za polepole) na kupiga shoti, ana mwendo uitwao tölt ambao humbeba mpandaji bila kumtikisa, na wale waliorithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama huweza pia kukimbia kwa kurusha miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Jeni nyingine, MSTN, inayodhibiti ukuaji wa misuli, husaidia kutabiri kama farasi wa mashindano atafaa mbio fupi au ndefu.

Rangi nazo ziko hivyo hivyo, ila nyingine zina gharama. Kipande cha DNA kilichojirudia ndani ya jeni ya STX17 humfanya farasi azaliwe na rangi nyingine kisha awe mweupe kadiri anavyozeeka, lakini kipande hicho huongeza pia uwezekano wa kupata saratani ya ngozi. Farasi wa madoadoa kama ya chui aliyerithi badiliko la jeni ya TRPM1 kwa wazazi wote wawili haoni gizani.

Mwonekano, basi, ni kipimo hafifu cha utajiri wa jeni. Mbegu inaweza kuonekana ya pekee kabisa huku ndani yake kila mmoja akifanana na mwenzake, na hali hiyo huletwa hasa na kufungwa kwa daftari la nasaba, yaani kanuni kwamba hasajiliwi mtoto isipokuwa wazazi wake wote wawili wamo daftarini. Daftari la Thoroughbred, farasi wa mbio wa Uingereza, lilianza kuchapishwa mwaka 1791. Katika mbegu hiyo nasaba zote za kiume huishia kwa madume watatu, na takriban asilimia 95 ya madume wa sasa hurudi kwa mmoja wao, Darley Arabian. Friesian wa Uholanzi, mweusi mwenye singa ndefu, alinusurika kwa shida: mwaka 1913 walikuwa wamebaki madume watatu tu wa kuzalisha. Leo mbegu hiyo inasumbuliwa na udumavu wa kurithi na watoto wanaozaliwa na maji kichwani.

Athari ya dume mmoja maarufu huonekana vizuri zaidi katika farasi aina ya Quarter wa Marekani. Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969, alipendwa kwa misuli yake na akaacha maelfu ya wazao. Pamoja na misuli hiyo aliwaachia kasoro ya jeni ya SCN4A inayovuruga mwendo wa sodiamu katika misuli, hata mnyama akatetemeka, akaanguka, na pengine akafa.

Upande wa pili wako farasi ambao ni wachache wanaowasifu. Utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha farasi 814 wa mbegu 36 ulikuta utofauti mkubwa wa jeni kwa farasi wa Mongolia na Tuva, wanaofugwa katika makundi makubwa bila daftari lililofungwa, na utofauti mdogo kwa mbegu kama Clydesdale, farasi wa mizigo wa Scotland. Kwa maoni yangu hawa wa nyikani ndio hazina inayostahili kulindwa kwanza, kwa kuwa jeni ikishapotea katika mbegu haiwezi kurudi ila kwa kuingiza damu ya nje. DNA ya kale inaonyesha kwamba utofauti wa farasi wa kufugwa ulipungua kwa takriban asilimia 16 katika miaka 200 hivi iliyopita, kipindi kile kile mbegu za kisasa zilipokuwa zikiundwa.

Vipimo vya jeni sasa humwezesha mfugaji kuepuka kuwakutanisha wazazi wenye kasoro moja. Kupunguza matumizi ya dume mmoja ni kugumu zaidi. Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani, inayosimamia daftari la Thoroughbred huko, ilitangaza kwamba dume wa Thoroughbred aliyezaliwa mwaka huo au baadaye asipandishwe kwa majike zaidi ya 140 kwa mwaka. Wamiliki wa mashamba makubwa walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 kanuni hiyo ikafutwa.