Vichwa Viwili, Upande Mmoja: Tai wa Rijeka Hajakosewa

Huyu ni mteja wa tatu kunirudishia bendera ileile ya Rijeka, mji wa pwani ya Kroatia, kwa "kosa" lilelile. Aliitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akagandamiza kidole kwenye kichwa kimoja cha tai, akasema: "Fundi, hapa umeharibu. Vichwa vyote vinaangalia upande mmoja. Hiki kigeuze." Nikamwambia sikigeuzi. Akatoa simu akanionyesha tai wa Albania, wa Serbia, wa Montenegro, wote vichwa vimepeana visogo kama watu waliogombana. Kwa hiyo, kwake yeye, fundi ndiye mjinga.

Kazi yangu ni kudarizi bendera na nembo za miji. Wateja wangu ni wakusanyaji, waandaaji wa maonyesho, na siku hizi vijana wa mpira walioipenda Kroatia tangu fainali ya 2018 kule Moscow. Oda za pwani ya Kroatia huniletea maswali kuliko nyingine zote, na maswali yenyewe hayabadiliki. Nimeona niyajibu mara moja.

Dhana: Tai wa Rijeka amechorwa vibaya, na kwa vyovyote ni tai wa Austria (au wa Albania, au wa Serbia)

Hii ndiyo inayonikera, kwa sababu anayeisema huwa anaisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha soma.

Nembo ya Rijeka ilitolewa mwaka 1659 na Kaisari Leopold I, wa ukoo wa Habsburg uliotawala Austria. Leopold alikuwa amekalia kiti cha Dola Takatifu la Roma tangu mwaka uliotangulia tu, na tai wa vichwa viwili alikuwa alama ya dola hilo. Basi ni kweli kwamba ndege huyu ana ukoo wa kifalme. Anayeishia hapo ndiye anayepotea. Mji haukupewa tai wa kaisari kama alivyo. Ulipewa tai wake: amesimama juu ya mwamba, ukucha wake mmoja umeshika mtungi, mtungi unamwaga maji, na vichwa vyote viwili vinatazama upande mmoja. Chini yake kuna neno moja la Kilatini, *Indeficienter*, yaani bila kukauka, bila kukoma.

Mtazame sasa tai wa kaisari. Vichwa vinapeana kisogo, kimoja huku kimoja kule, na kwenye makucha ana upanga na fimbo ya enzi. Wa Rijeka ana mtungi. Mji wenyewe jina lake ni mto: *Rijeka* kwa Kikroatia ni mto, na *Fiume*, jina la Kiitaliano, ni mto vilevile. Mji unaoitwa Mto, tai anayemwaga maji, na neno linalosema maji hayakatiki. Ukikigeuza kichwa kimoja kama anavyotaka mteja wangu, umefuta alama ileile inayomtenga huyu na tai wale wengine. Mtungi peke yake hautakuokoa, maana ukitazama bendera iliyo juu ya mlingoti huuoni. Unachoona ni umbo la vichwa.

Kuhusu Albania, Serbia na Montenegro: wa Albania ni mweusi, wa Serbia ni mweupe, wa Montenegro ni wa dhahabu, na wote watatu wanatazama pande mbili. Undugu wao wa karibu ni na Bizanti, dola la Roma ya Mashariki. Kufanana vichwa viwili si kuwa ndugu wa tumbo moja. Paka na chui nao wanafanana masharubu.

Halafu kuna historia ya ndege mwenyewe, ambayo wanaosema "ni wa wageni yule" hawaijui kabisa. Mwaka 1906 sanamu kubwa ya tai huyu ilipandishwa juu ya Mnara wa Mji, ule wa njano wenye saa ulio kwenye barabara ya Korzo. Waliohangaika apandishwe ni wanawake wa mjini hapo. Wakati ule Rijeka ilikuwa chini ya taji la Hungaria, na watu wa mji walitaka alama iliyo yao wenyewe, isiyo ya Budapest wala ya Vienna.

Septemba 1919 mshairi Gabriele D'Annunzio akauingia mji na watu wake wenye silaha, akitaka uwe wa Italia. Novemba 4 mwaka huohuo askari wake wakapanda mnarani wakamkata tai kichwa kimoja, wakachomeka bendera ya Italia kwenye shingo iliyobaki wazi. Kwa macho yao vichwa viwili vilikuwa Austria, na kichwa kimoja kilikuwa Roma. Ndege akakaa na kilema. Mwaka 1949, Rijeka ikiwa sasa ndani ya Yugoslavia, serikali ya kikomunisti ikamwondoa kabisa. Akarudi mwaka 2017, nakala mpya, juu ya mnara uleule, na vichwa vyote viwili.

Hebu fikiri. Wazalendo wa Italia walimwona Mwaustria, wakomunisti hawakumtaka, na leo kijana mwenye simu ananiambia ni Mwalbania. Tai huyu amekataliwa na kila mtu aliyetoka nje ya mji, na kila mara kwa sababu ileile: mtu amehesabu vichwa, hajatazama vimeelekea wapi.

Hapa ndipo ninapotoa ushauri ambao wateja wangu wameshauchoka: usiniletee picha, niletee maelezo. Kila nembo iliyopitishwa rasmi ina sentensi yake, moja au mbili, inayosema rangi ya ngao, kilicho juu yake, kimekaaje, kimeelekea wapi. Picha hubadilika kila mchoraji akiigusa. Maelezo hayabadiliki. Na ukiyasoma, kumbuka kwamba kulia na kushoto kwenye nembo ni kwa yule aliye nyuma ya ngao, aliyeishika mkononi, si kwako wewe unayeitazama. "Kulia" kwa mtu wa nembo ni kushoto kwako. Nimeshapasua darizi ya siku mbili kwa kusahau jambo hilo, nikiwa bado mwanafunzi, na mwalimu wangu hakunisaidia hata kufumua.

Dhana: Bendera nyekundu, njano na buluu ya Rijeka ni ya Romania iliyolazwa

Si ya Romania. Ni rangi tatu za kale za mji: nyekundu ya damu ya mzee juu, njano katikati, buluu iliyokolea chini. Na ile nyingine nyekundu yenye nyoka anayejiuma mkia na nyota za Dubu Mkubwa? Hiyo ni ya D'Annunzio, ya utawala wake wa Carnaro aliouanzisha Septemba 1920, usiomaliza hata mwaka. Naidarizi kwa wakusanyaji, lakini ukiniambia ndiyo bendera ya mji nitakurudisha uanze kusoma aya za juu.

Dhana: Dalmatia ina chui watatu

Hapa lawama ni yetu sisi watumiaji wa Kiswahili. Nembo ya Dalmatia, ukanda wa pwani wa kusini mwa Kroatia, ni ngao ya buluu yenye vichwa vitatu vya dhahabu vyenye taji, viwili juu kimoja chini, vinakutazama usoni. Vitabu vya nembo vya Ulaya huviita vichwa vya *leopardi*. Mtafsiri anafungua kamusi, anaandika "chui", na mchoraji anayekuja nyuma yake anatia madoa. Nimeletewa mchoro wa hivyo, madoa meusi kwenye dhahabu, nadhifu kabisa, na ni upuuzi.

Mabwana wa nembo wa zamani huko Ulaya wengi wao hawakuwahi kumwona chui wala simba. Kwao tofauti haikuwa ngozi, ilikuwa shingo. Simba anayetazama mbele yake, ukamwona uso kwa ubavu, walimwita simba. Simba yuleyule akikugeuzia uso mzima walimwita leopardi. Mnyama ni mmoja, mwenye manyoya ya shingoni. Wale simba watatu kwenye jezi ya Uingereza ni jambo lilelile: kwa lugha hiyo ya kale ni leopardi watatu, na hakuna Mwingereza anayewatia madoa. Kwetu sisi ambao chui anashuka kula mbuzi wa mtu, neno lina uzito mwingine. Mimi naandika "simba wa kukabili". Ukiwa na neno bora nipe, ila madoa sitii.

Dhana: Simba mwenye mabawa ni nembo ya miji ya Dalmatia

Simba mwenye mabawa, mwenye kitabu chini ya ukucha, ni wa Mtakatifu Marko, na huyo ni wa Venice. Venice iliununua uhalali wa kuitawala Dalmatia mwaka 1409 kwa dukati (sarafu za dhahabu) 100,000, ikakaa mpaka 1797. Muda huo wote ilikuwa ikipachika simba wake kwenye kuta na malango. Mgeni anapiga picha, anarudi nyumbani na "nembo ya mji".

Zadar ina mahali ambapo jambo hili linaonekana bila mwalimu. Nenda kwenye Lango la Nchi Kavu, lililojengwa mwaka 1543 na Michele Sanmicheli. Juu kabisa kuna simba wa Marko, mkubwa, mabawa wazi. Chini yake, juu ya tao la katikati, kuna mpanda farasi mdogo mwenye silaha. Simba ni mwenye nyumba wa wakati ule. Yule mdogo wa farasi ni Mtakatifu Krševan, na ndiye aliye kwenye nembo ya Zadar hadi leo. Mwenye nyumba kahama, mpangaji amebaki.

Ndivyo pwani ile ilivyo: ukitaka alama ya mji, uliza kwanza mtakatifu wake. Šibenik ina Malaika Mikaeli na joka lake. Dubrovnik ina Mtakatifu Vlaho, mzee wa ndevu mwenye kielelezo cha mji mkononi, juu ya bendera nyeupe. Na Dubrovnik usiiguse na simba wa Marko hata kwa bahati mbaya, kwa sababu ilitoka mikononi mwa Venice mwaka 1358 na haikurudi tena.

Dhana: Bila miraba myekundu na myeupe si ya Kroatia

Miraba ni ya taifa: 25, wa kwanza mwekundu, kwa nembo iliyopitishwa Desemba 21, 1990. Mji hauna sababu ya kuibeba. Mnaichukua kutoka jezi, na wa Split mnaichukua kutoka beji ya Hajduk, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911. Beji ya klabu si nembo ya mji. Nembo ya Split inaonyesha kuta za kasri la Diocletian, kaisari wa Roma ya kale, na mnara wa kengele.

Kama unataka kuiona pwani kwenye nembo ya taifa, tazama taji lililo juu ya miraba. Lina ngao tano ndogo, na tatu kati ya hizo ni za baharini: Dubrovnik, Dalmatia, Istria. Ngao ya Dubrovnik hapo ina mistari miwili myekundu juu ya buluu, na ukiniuliza mimi fundi, ni balaa kuidarizi. Nyekundu juu ya buluu haionekani kwa mbali. Ndiyo maana kanuni ya zamani inataka rangi ikae juu ya dhahabu au fedha, si juu ya rangi nyingine.

Dhana: Bendera za miji ni za kivivu, kitambaa cha rangi moja na nembo katikati

Ndiyo utaratibu. Kroatia iliitaka miji na wilaya zake itumie bendera ya rangi moja, urefu mara mbili ya upana, yenye nembo ya ngao tupu, bila wanyama wa kushikilia pembeni wala utepe wa maneno. Matokeo yake si ya kupendeza kila mahali, nakubali. Lakini usinilipe niongeze utepe wa dhahabu na jina la mji. Sitaongeza.

Dhana: Mbuzi wa Istria ni dharau

Ni mbuzi wa dhahabu, pembe na kwato nyekundu, juu ya ngao ya buluu, na bendera ya mkoa ni buluu juu, kijani chini. Watu wa Istria wanajivunia. Mteja mmoja aliniomba nimbadilishe awe farasi, "apendeze ukutani." Nilimrudishia kianzio chake siku hiyohiyo.