Laptopu jukwaani: kupanga orodha ya shoo inayostahimili hotuba ndefu, adhana na umeme kukatika

Fundi anayeendesha shoo kwa VLC au kwa programu ya muziki ya simu anajitafutia taabu. Programu hizo zimetengenezwa kwa mtu anayesikiliza nyumbani: wimbo ukimalizika unafuata mwengine wenyewe, jina la faili linajitokeza kwenye skrini, na kishale cha mausi kinaonekana na ukumbi mzima. Jukwaani tunataka kinyume chake. Kitu kikimalizika, kimya. Kinachofuata kisubiri amri, na amri hiyo iwe kitufe kimoja, kwa sababu mkono wa pili uko kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) na macho yako kwa wasanii.

Kwa wenye Mac naipendekeza QLab, programu ya kuendesha shoo amri kwa amri. Toleo lake la bure linatoa chaneli 2 za sauti na video ya skrini moja, na hilo linatosha kwa tamthilia ya skuli, mahafali au harusi. Ukihitaji chaneli zaidi, leseni yake inaweza kukodiwa kwa siku. Haifanyi kazi kwenye Windows. Huko kuna Show Cue System na Multiplay, na kwenye Linux kuna Linux Show Player, ambayo ni ya bure kabisa. Vitufe vinatofautiana, mantiki ni ile ile. Nitaeleza kwa mfano wa QLab.

Orodha

Kila mstari wa orodha ni amri moja: cheza sauti, onesha video, punguza, simamisha. Ukibonyeza spesi, amri iliyo mbele inatekelezwa na alama inashuka mstari unaofuata. Zipe amri namba kwa kumi kumi: 10, 20, 30. Mtayarishaji akiongeza jambo saa moja kabla ya watu kuingia, na ataongeza tu, utalitia kwenye 25 bila ya kugusa karatasi za wengine. Jina la mstari liwe tukio la jukwaani, si jina la faili. "Bi harusi anasimama" linasomeka gizani. "Track03 mpya final" halimwambii mtu kitu.

Amri mbili zinaweza kuunganishwa, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Auto-continue huanzisha mstari unaofuata papo hapo, pamoja na huu. Auto-follow hungoja huu umalizike kwanza. Ukiweka auto-follow kati ya muziki na amri ya kuupunguza, muziki utakwisha wote, kisha amri itapunguza kitu ambacho hakipo tena.

Kosa la pili ni la kupunguza sauti bila ya kuisimamisha. Amri ya Fade inashusha sauti tu. Usipotia alama kwenye "Stop target when done", faili linaendelea kukimbia kimya kimya, na baadaye amri nyengine ikipandisha sauti hiyo, ukumbi utasikia katikati ya wimbo uliodhani umeshakwisha. Kila Fade inayoshuka hadi kimya iwe na alama hiyo, isipokuwa pale unapokusudia kurudi.

Ingia pia kwenye mipangilio ya GO, yaani ule mbonyezo wa spesi unaoanzisha amri, uweke muda wa chini kati ya mbonyezo mmoja na mwengine. Mimi huweka sekunde 1. Kidole kikitetemeka kikabonyeza mara mbili, mbonyezo wa pili unapuuzwa na hurukii amri ambayo haijafika. Orodha ikishakamilika, ihamishie kwenye hali ya Show ili mtu asiburute mstari kwa bahati mbaya.

Mgeni rasmi hana dakika tatu kamili

Hili ndilo jambo ninalotaka kila fundi wa Unguja na Pemba alishike, kwa sababu hafla zetu hazifuati saa. Mgeni rasmi anaingia, anasalimiana na safu nzima ya mbele, anasimama na wazee, ndipo anakaa. Hakuna anayejua itachukua muda gani. Fundi aliyechukua wimbo wa dakika 3 ama ataukata vibaya, ama wimbo utamkimbia na kumwacha mgeni anatembea kwenye kimya.

Dawa yake ni mzunguko wenye mlango wa kutokea. Chukua kipande cha ala tupu, bashraf ni nzuri sana kwa kazi hii, na uligawe faili sehemu tatu ndani ya programu: mwanzo unaochezwa mara moja, katikati panapojirudia bila ya kikomo, na mwisho. Kisha weka amri ya Devamp kwenye mstari unaofuata. Mgeni anapoinama kukaa, bonyeza spesi: programu haikati hapo hapo, inaumaliza mzunguko uliomo, halafu inaingia kwenye mwisho wenyewe. Wasikilizaji wataona kwamba wapigaji wamemaliza pamoja na mgeni.

Mpaka wa kipande kinachojirudia ukatwe mwanzoni mwa duru ya mdundo, na mahali ambapo wimbi la sauti linapita sifuri, la sivyo utasikia "tak" kila linaporudi. Kipande kisiwe kirefu mno. Cha sekunde 40 kitakungojesha hadi sekunde 40 baada ya kubonyeza. Sekunde 12 hadi 16 zinatosha. Kama programu yako haina Devamp, tengeneza mafaili mawili, la mzunguko na la mwisho, na ubadilishane kwa mpunguo wa sekunde 2, la kwanza likishuka huku la pili likipanda.

Kisomo cha Qur'ani na wimbo wa taifa usivitie kwenye kikundi wala mnyororo wowote. Kabla ya kisomo kila kitu kiwe kimesimama, si kimepunguzwa. Chini ya kisomo hapawekwi muziki hata kwa mbali. Kikiwa ni cha kurekodiwa, kikamilike. Ikilazimu kufupisha, kata mapema kwenye kompyuta, mwisho wa aya, usikishushe katikati mbele ya watu.

Adhana ndani ya orodha

Ngome Kongwe, Forodhani, Mji Mkongwe wote kwa jumla, misikiti iko karibu, na adhana zake hazianzi kwa sekunde moja. Sauti ishuke kwa ile ya kwanza na isirudi mpaka imalizike ya mwisho. Hapa kwetu magharibi huingia baina ya saa 12 na dakika kumi na saa 1 kasorobo hivi, kwa kutegemea mwezi, na isha hufuata baada ya saa moja na zaidi kidogo. Kwa hiyo ratiba nzuri ya shoo ya nje ni kujaribu sauti kabla ya magharibi, kuwasha skrini giza likishaingia, na kuanza baada ya isha. Kabla ya magharibi kumaliza nuru yake, projekta ya kawaida ya uwanjani haionekani hata ukiiongezea mwanga wote.

Shoo ikilazimika kuvuka isha, weka pahala pa kusimama kwenye orodha yenyewe. Mimi hutia vikundi viwili nje ya mtiririko, kila kimoja na kitufe chake. Cha kwanza, kwenye herufi A, kinapunguza sauti inayocheza kwa sekunde 4, bila ya ile alama ya kusimamisha, kisha amri ya Pause inaishika pale pale. Cha pili, kwenye herufi R, kinaiendeleza na kuipandisha taratibu. Kwa tamthilia usirudi katikati ya sentensi. Andaa mstari wa pili unaoanzia mwanzo wa kipande hicho. Maikrofoni haziko ndani ya programu, kwa hiyo zikusanye kwenye kundi moja la kuzimia la mikisa uzifunge kwa kidole kimoja. Mtangazaji ajulishwe mapema, na watu wapewe nafasi ya kuswali.

Mafaili

Sauti ziwe WAV, 48 kHz, biti 24. MP3 huweza kuanza na kimya kifupi kilichoongezwa wakati wa kubana, na kimya hicho kinaharibu mzunguko na kila kinachotakiwa kianze pamoja na hatua ya mchezaji. Nyimbo zilizopitia WhatsApp huenda zimeshabanwa. Omba faili la asili. Weka vilele vya sauti kwenye -6 dB ili vitelezi vya mikisa vikae pamoja usiku mzima.

Video ni tatizo kubwa zaidi. Video ya simu kwa kawaida ni H.264 au HEVC, ambamo picha nyingi zinahifadhi mabadiliko tu kutoka picha za jirani, na idadi ya fremu inapanda na kushuka. Kompyuta inahangaika kuanza mahali ulipoitaka, na sauti inateleza mbali na midomo. Igeuze iwe ProRes LT, muundo unaohifadhi kila picha kamili, yenye idadi ya fremu isiyobadilika, kwa kuandika amri hii ya programu ya bure ya ffmpeg kwenye dirisha la amri (Terminal):

ffmpeg -i simu.mp4 -r 25 -c:v prores_ks -profile:v 1 -c:a pcm_s16le -ar 48000 shoo.mov

Kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080 dakika moja itakula kiasi cha megabaiti 640, basi hesabu nafasi mapema. Mafaili yakae kwenye diski ya ndani ya SSD. QLab haibebi mafaili ndani ya orodha, inakumbuka tu yalipo. Ukichomoa fleshi uliyoyafungulia, mistari yake yote inapata alama nyekundu ya X. Tumia Bundle Workspace kukusanya kila kitu kwenye folda moja kabla ya kuhama mashine.

Waya na mngurumo

Tundu la hedifoni la laptopu ni la dharura. Kadi ya sauti ya USB yenye matokeo 2 ya TRS (jeki ya migusano mitatu) ndiyo njia, na waya wake uwe wenye uwiano (balanced), unaokataa kelele za njiani, mpaka kwenye mikisa. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja kwanza. Ukikoma, umepata sababu: chaja na mikisa zinapata ardhi kwa njia mbili tofauti. Zilishe kutoka soketi moja, au pitisha sauti kwenye boksi la DI (kisanduku cha kuunganisha chombo na mikisa) lenye transfoma na ubonyeze kitufe chake cha kuinua ardhi. Usikate pini ya ardhi ya plagi. Umeme wetu ni volti 230, na jukwaa la nje lenye unyevu wa bahari ni pahala pabaya pa kumshikisha msanii maikrofoni ya chuma isiyo na ardhi.

Mpiga ngoma akitaka mdundo wa kumwongoza sikioni, matokeo 2 yanatosha: muziki wote uwe mono upande wa kulia, mdundo upande wa kushoto. Kwenye mikisa, chaneli ya kushoto isipelekwe kabisa kwenye spika kuu, iende kwenye njia ya hedifoni yake tu. Ihakikishe hiyo kwa masikio kabla ya watu kuingia.

HDMI ya kawaida ikipita mita 10 hadi 15 huanza kukatika katika. Kwa projekta ya mbali tumia vigeuzi vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, au SDI, waya wa video wa masafa marefu. Washa projekta kwanza, halafu unganisha laptopu, na uthibitishe kwamba skrini mbili hazijarudufishwa. Soketi za HDMI na jeki zinaliwa na chumvi: zifute, zitie dawa ya kusafishia migusano, zihifadhiwe kwenye sanduku lenye silika.

Umeme

Umeme ukikatika, laptopu yenye betri haina habari. Inaendelea kucheza, na kadi ya sauti inayolishwa na USB nayo inaendelea, huku mikisa na spika zimekufa. Jenereta ikishika baada ya nusu dakika, sauti inalipuka katikati ya wimbo mbele ya watu waliokaa kimya. Kwa hiyo mara taa zinapozima: Pause, kisha vitelezi vikuu chini, ndipo utafute tochi. UPS (betri ya akiba) iwekewe mikisa, kadi ya sauti isiyolishwa na USB, na projekta, si spika. Soma wati, si VA peke yake. UPS ya VA 1000 mara nyingi hutoa wati 600 tu, na projekta ya taa inaweza kula zaidi ya nusu yake. Projekta ya taa ikizimika ghafla inahitaji dakika kadhaa kupoa kabla ya kuwaka tena, ndiyo maana naithamini UPS yake kuliko ya kitu chengine.

Kabla ya mlango kufunguliwa

Zima Wi-Fi, Bluetooth, arifa, sasisho, kiokoa skrini na kulala kwa mashine. Sauti za mfumo zielekezwe kwenye spika ya ndani ya laptopu. Fanya zoezi la kuruka kutoka amri hadi amri pamoja na meneja wa jukwaa, bila ya kungoja nyimbo ziishe. Anaanza kwa "kaa tayari 40", unamjibu "40 tayari", kisha anasema "40, achia". Twende, haya na piga hazifai kwa kazi hii, kwa sababu kila mtu jukwaani anazisema kila dakika.

Laptopu ya pili yenye folda ile ile ikae imewashwa kwenye chaneli nyengine mbili za mikisa, ikifuatishwa amri kwa amri na sauti yake chini. Huna ya pili? Nakili nyimbo muhimu kwenye simu, zenye namba zile zile za orodha, iwe kwenye hali ya ndege na waya wake umeshachomekwa.

Shoo ikimalizika zima spika kwanza, mikisa baadaye, na projekta iache ipoe kabla ya kuchomoa UPS. Usiku huo huo nakili folda kwenye diski nyengine, ikiwa na marekebisho uliyoyafanya wakati wa shoo.