Surua ikishapita: dhana potofu na ukweli kuhusu kuimarisha chanjo za watoto

Mlipuko wa surua ukitulia huacha makaburi madogo na vikao vingi. Kwenye vikao hivyo kila mtu anakuja na maelezo yake mfukoni: mwanasiasa anawalaumu wazazi, mzazi anasema aliambiwa chanjo zimeisha, ofisa wa wilaya anaonyesha jedwali lenye asilimia za kupendeza. Tusiyachukulie maelezo hayo kama porojo, maana ndiyo yanayoingia kwenye mpango wa taifa na kwenye bajeti. Yakiwa ya uongo, fedha zitakwenda kusikohitajika na ugonjwa utarudi. Haya hapa ndiyo yanayosikika zaidi.

"Ugonjwa uliletwa na wageni."

Virusi lazima vitoke mahali, na kweli mara nyingi huingia na msafiri. Lakini msafiri huyohuyo akifikia mahali ambapo karibu watoto wote wana dozi mbili, atalala na homa yake na habari itaishia hapo. Surua huambukiza kuliko karibu maradhi yote tunayoyajua. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga huambukiza wengine 12 hadi 18, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Ndiyo maana wataalamu hawashuki chini ya asilimia 95 ya watoto waliopata dozi mbili.

Chukua watoto 100 waliozaliwa mwaka mmoja. Tuseme 85 kati yao wamepata dozi ya kwanza wakiwa na miezi tisa, namba ambayo nchi nyingi zingeifurahia. Katika umri huo dozi moja hukinga takriban watoto 85 katika kila 100, kwa sababu kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama yake bado inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Kwa hiyo waliokingwa hasa ni 72, na 28 wako wazi. Mwaka unaofuata wanaongezeka 28 wengine. Ikifika miaka minne wasio na kinga ni 112, yaani zaidi ya watoto wote wanaozaliwa kwa mwaka mzima. Hapo kilichobaki ni tarehe tu, na mgeni atapatikana.

Dozi ya pili, ambayo nchi nyingi huitoa kati ya miezi 15 na 18, imewekwa ili kuwanasa wale ambao ya kwanza haikuwashika. Nchi inayoichukulia kama nyongeza ya hiari inajidanganya. Mwaka 2023 dozi ya kwanza ilifikia asilimia 83 ya watoto duniani, na ya pili asilimia 74.

"Takwimu zetu zilikuwa nzuri, tulivuka asilimia 90."

Asilimia hiyo hupatikana kwa kuchukua dozi zilizotolewa na kuzigawa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo. Kama makadirio yametoka kwenye sensa ya zamani na watu wamehama tangu hapo, jibu halina maana hata likiandikwa kwa desimali mbili. Wilaya inayoripoti asilimia 112 haijafanya muujiza. Ama imehesabu watoto wachache kuliko waliopo, ama imechanja watoto wa jirani, ama kuna mtu amejaza fomu jioni kwa kukumbukia. Tena wastani wa taifa huzika mengi: kata moja ikiwa na asilimia 98 na nyingine 40, ripoti itazungumzia namba iliyo katikati ambayo haipo popote.

Mlipuko wenyewe ni ukaguzi wa mfumo. Ni ukaguzi wa gharama ya kutisha, ila majibu yake yameshalipiwa, na ni ajabu jinsi yanavyoachwa kwenye makabati. Kinachotakiwa ni orodha ya wagonjwa yenye umri, mahali wanapoishi na idadi ya dozi walizopata. Wengi wakiwa na umri wa mwaka mmoja hadi minne bila dozi hata moja, huduma za karibuni ndizo zilizoshindwa kuwafikia. Wakiwa ni vijana wa miaka 15, pengo ni la zamani, na kampeni ya watoto wadogo peke yake haitaliziba. Wakiwa wamepata dozi moja moja, tatizo liko kwenye ya pili. Na kama wengi wamepata dozi mbili na bado wameugua, anza kushuku majokofu ya chanjo, au kadi zenyewe. Ukiongeza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kwenye maeneo machache yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, mtu akaziona kadi kwa macho yake, utajua mengi kuliko jedwali la wilaya litakavyokuambia.

"Wazazi ndio wanaokataa."

Wapo wanaokataa, na kelele zao mitandaoni huwafanya waonekane wengi kuliko walivyo. Uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji ulitokana na makala ya Andrew Wakefield kwenye jarida la The Lancet mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu. Makala hiyo ilifutwa na jarida mwaka 2010, na mwandishi akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000, na hawakuona uhusiano wowote.

Lakini watoto wengi wanaokosa chanjo hawana mzazi mwenye msimamo wowote dhidi yake. Kituo kiko mbali, siku ya kliniki imegongana na kibarua, chanjo zimeisha, au kadi imepotea na mama anaogopa kugombezwa mbele za watu.

Halafu kuna kichupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, mara nyingi dozi kumi ndani ya kichupa kimoja. Ukishaichanganya na maji yake una saa sita tu, na kinachobaki hutupwa. Sasa muuguzi ana watoto watatu kwenye benchi, saa tano asubuhi, na anajua mwisho wa mwezi ataulizwa kuhusu dozi zilizomwagwa. Anawaambia kina mama warudi Alhamisi, watakapokuwa wengi. Wawili watarudi. Wa tatu alishatumia nauli yake, na Alhamisi hiyo ana shughuli nyingine. Kwenye rejista hakuna safu ya mtoto aliyerudishwa na kituo, kwa hiyo baada ya miezi michache mtoto yule ataandikwa mtoro.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Maelekezo hayo hayafiki kwenye benchi mpaka wizara iwaandikie wauguzi waziwazi kwamba hawataadhibiwa kwa dozi zinazobaki, na mpaka wanaoagiza chanjo waweke kwenye hesabu zao dozi za kumwagwa. Vichupa vya dozi tano navyo vipo, na kwa vituo vidogo vina maana zaidi hata kama bei ya kila dozi iko juu. Kama ningepewa jambo moja tu la kurekebisha baada ya mlipuko, ningeanza na hili, maana ni la bei nafuu na linamgusa mzazi ambaye tayari amekuja.

Watoto wanaorudishwa kwa sababu ya kikohozi, mafua, kuharisha au homa ndogo nao wamo kwenye hesabu hii. Hakuna hata moja kati ya hayo linalozuia chanjo ya surua. Utapiamlo pia hauzuii. Mtoto aliyedhoofika ndiye surua itakayemuua kwanza, na ndiye wa kuharakishwa.

"Chanjo yenyewe iliua watoto, hata serikali iliisimamisha."

Hili lilitokea kweli, ila kilichoua hakikuwa chanjo. Julai 2018 huko Samoa, katika kisiwa cha Savai'i, watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa dakika chache baada ya kuchomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella. Unga wa chanjo ulikuwa umechanganywa na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake, badala ya maji yaliyokuja nayo. Wauguzi wawili walikiri kosa na mwaka 2019 wakafungwa miaka mitano. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo nchi nzima kwa miezi kadhaa, uvumi ukajaza nafasi, na kwa makadirio ya WHO na UNICEF dozi ya kwanza ikashuka hadi asilimia 31 mwaka 2018. Surua ilipoingia mwishoni mwa 2019, nchi yenye watu wapatao 200,000 ilipata wagonjwa zaidi ya 5,700 na vifo 83, vingi vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Kuwafunga wauguzi kulituliza hasira. Kosa la aina hiyohiyo, tena kwa dawa ya kundi lilelile, lilikuwa limeshatokea Septemba 2014 katika mkoa wa Idlib, Syria, na kuua watoto wapatao 15. Kosa linalojirudia kwenye nchi mbili zisizojuana lina mzizi nje ya mikono ya muuguzi. Dawa nyingine hazitakiwi kukaa kwenye jokofu la chanjo. Vichupa vya chanjo na maji yake visafirishwe pamoja na kwa idadi sawa, kutoka bohari ya taifa hadi kituo cha mwisho. Saa ya kuchanganya iandikwe kwenye kichupa. Na mtoto akipatwa na tatizo baada ya sindano, nchi iwe na kikosi kinachoweza kuchunguza na kutoa taarifa ndani ya siku chache, kwa sababu kila wiki ya kimya huuza uvumi bure.

Wengi hukumbuka kwamba Samoa ilitunga sheria kali na kulazimisha chanjo, wakahitimisha kuwa dawa ni ukali. Sheria ilikuwepo, na sasa mtoto hawezi kuandikishwa shule bila chanjo. Lakini tazama kilichofanyika tarehe 5 na 6 Desemba 2019: shughuli za serikali zilifungwa, kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa ikatundika kitambaa chekundu nje, na timu zikapita mlango kwa mlango. Sindano iliwafuata watu walipo. Kumtoza faini mzazi ambaye kituo chake hakina chanjo ni kumwonea tu.

"Kampeni imekwisha, tumemaliza."

Kampeni hufukia shimo lililopo. Mtoto aliyezaliwa asubuhi baada ya kampeni hayumo, na mwaka ukiisha wako wengi. Tena wauguzi wanaohamishiwa kwenye kampeni ndio waliokuwa kliniki, kwa hiyo wiki hizo huduma za kawaida hulala. Kampeni yenye faida ya kudumu huandika majina: kila mtoto ambaye hajawahi kupata chanjo yoyote anaingizwa kwenye rejista ya kituo chake, na mhudumu wa jamii anapewa jina lake wiki inayofuata ili aanze chanjo nyingine zilizompita. Bila hivyo timu huondoka na chaki za kuwekea alama milangoni, na mtoto anabaki bila kujulikana kama alivyokuwa.

Mengine, kwa ufupi

*"Kuugua kunampa mtoto kinga bora."* Aliyepona surua hataiugua tena kwa kawaida, ila gharama yake ni kubwa. Utafiti wa mwaka 2019 kwa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa ulionyesha kuwa surua iliwafutia asilimia 11 hadi 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Wachache hupatwa na ugonjwa wa ubongo unaojitokeza miaka saba hadi kumi baadaye na kuua.

*"Vitamini A inatosha."* Ni tiba ya aliyekwisha kuugua: dozi mbili kwa siku mbili mfululizo, kwa kipimo cha umri wake, ili kumwepusha na kifo na upofu. Haizuii maambukizi, na ikizidi hudhuru ini.

*"Miezi tisa imempita, amechelewa."* Hajachelewa. Achanjwe siku hiyohiyo anapoonekana, hata akiwa na miaka minne au saba.

*"Alichomwa wakati wa mlipuko akiwa na miezi sita, ile ya miezi tisa haina haja."* Ile ya mapema haihesabiwi. Mtoto anahitaji dozi zake mbili za kawaida, na sindano ya ziada haimdhuru.

"Mwaka huu hatujaripoti mgonjwa hata mmoja."

Homa yenye vipele husababishwa na maradhi mengi, rubella ikiwemo. Mahali ambapo ufuatiliaji unafanya kazi, kila mwaka hupatikana watu wanaoshukiwa kuwa na surua, wakapimwa damu na kuonekana hawana. Kigezo kinachotumika kimataifa ni angalau watu wawili wa namna hiyo katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Wilaya ya watu 300,000 basi inapaswa kuwa na sita au zaidi. Ikileta sufuri, hiyo si sababu ya pongezi. Mtu wa mkoa aende akafungue daftari la wagonjwa wa nje, apekue miezi mitatu nyuma akitafuta homa na vipele, kisha aulize kama mirija ya kuwekea damu ipo na nani hulipa nauli ya kuifikisha maabara.