Mkia wa jina: -ji, -jō, -san na wenzao kwenye vivutio vya Japani

Ukifika Asakusa, mtaa wa zamani mashariki mwa Tokyo, utapita chini ya Kaminarimon, Lango la Radi, lenye taa kubwa nyekundu ya karatasi inayoning'inia katikati. Mbele yake kuna njia ya maduka, na mwisho wa njia kuna hekalu liitwalo Sensō-ji. Sasa tazama maandishi. Mtaa umeandikwa 浅草. Hekalu limeandikwa 浅草寺. Herufi mbili za mwanzo ni zilezile, ila kwenye mtaa zinasomwa Asakusa na kwenye hekalu zinasomwa Sensō. Kilichoongezeka ni hiyo 寺 ya mwisho, na imetosha kubadilisha hata matamshi ya zilizoitangulia.

Herufi kama hiyo mimi huiita mkia wa jina. Ni neno fupi, mara nyingi kanji (herufi yenye asili ya Kichina) moja tu, linalobandikwa mwishoni mwa jina la mahali kusema mahali hapo ni nini: hekalu, ngome, mlima, ziwa, daraja. Wanaojifunza Kijapani kwa ajili ya safari hupewa orodha ndefu ya vivutio wakariri, Kinkaku-ji, Ginkaku-ji, Tōdai-ji, kana kwamba kila jina ni mzigo mpya. Ukishajua mikia michache, nusu ya orodha hiyo inajieleza yenyewe.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kazi moja ya ziada: kugeuza kichwa. Lugha yetu inaweka aina ya kitu mbele. Tunasema Mlima Meru, Mto Rufiji, Ziwa Natron. Hata ndani ya neno moja, habari inatangulia: mtu ni Mjapani, lugha ni Kijapani. Mjapani mwenyewe husema Nihon-jin kwa mtu na Nihon-go kwa lugha. Nihon ni nchi, -jin ni mtu, -go ni lugha. Kile ambacho kwetu kinafanywa na m- na ki- mwanzoni, kwao kimekwenda kukaa nyuma. Kwa hiyo Mto Sumida ni Sumida-gawa, na Ziwa Biwa, kubwa kuliko yote nchini humo, ni Biwa-ko. Ukizoea kuanza kusoma jina kutoka mkiani, umeshavuka sehemu ngumu.

Ugumu unaobaki ni kwamba mkia mmoja unaweza kuwa na sauti zaidi ya moja. Ile 寺 inasomwa ji katika Sensō-ji, lakini ndiyo hiyohiyo iliyo katika Kiyomizu-dera, hekalu la Kyoto lenye jukwaa kubwa la mbao lililojengwa juu ya mteremko. Ji ni matamshi yaliyoingia pamoja na maandishi kutoka China. Tera ni neno la Kijapani chenyewe. Usishtuke, nasi tunafanya hivyo na tarakimu bila kujitambua. Andika 2: kwenye "watoto 2" utasoma wawili, kwenye "darasa la 2" utasoma la pili. Alama ni moja, inasikiliza imekaa na nani.

Na mbona tera imekuwa dera? Kwa sababu neno likiunganishwa nyuma ya jingine, sauti yake ya kwanza mara nyingi hulainika. Kawa, yaani mto, inakuwa gawa. Hashi, daraja, inakuwa bashi, ndiyo maana ya Nihonbashi, Daraja la Japani, pale Tokyo ambapo barabara za nchi zilianza kupimwa. Shima, kisiwa, inakuwa jima. Aliyezoea kusema mti mrefu lakini nyumba ndefu, au ulimi mmoja lakini ndimi mbili, hana haki ya kulalamika.

Nikae kidogo kwenye Kiyomizu, maana jina hili linapendeza ukilifungua. Kiyo ni safi, mizu ni maji. Hekalu la maji safi. Chini ya jukwaa kuna maporomoko madogo ya Otowa, maji yakianguka kwa michirizi mitatu, na wageni hupanga foleni kuyakinga kwa kata za mpini mrefu. Jukwaa lenyewe liko kama mita 13 kutoka chini, na limeingia kwenye methali: Mjapani akijitosa kwenye uamuzi mkubwa husema anaruka kutoka jukwaa la Kiyomizu.

Sasa kuna jambo ambalo tafsiri zetu hulivuruga. Kwa Kiswahili tunaita hekalu kila nyumba ya ibada ya Kijapani, ilhali ziko dini mbili na mikia tofauti. -ji na -dera ni za Wabudha. Za dini ya Shinto ni -jinja, na zile za hadhi ya juu au zenye uhusiano na ukoo wa kifalme huitwa -jingū, kama Meiji Jingū ya Tokyo, iliyokamilika mwaka 1920 kwa heshima ya Mfalme Meiji, au Ise Jingū, ambayo majengo yake hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Ipo pia -taisha, kama Fushimi Inari Taisha ya Kyoto, yenye maelfu ya malango mekundu yaliyopangana mlimani. Lango la namna hiyo, nguzo mbili na boriti juu, ni torii, na ukiliona ujue kwa kawaida unaingia jinja. Tofauti hii si ya kamusi tu. Kwenye jinja utaratibu wa kawaida ni kuinama mara mbili, kupiga makofi mara mbili, kisha kuinama tena. Kwenye hekalu la Kibudha unakutanisha viganja kimya, hupigi makofi. Pale Asakusa utajaribiwa papo hapo, kwa sababu Asakusa Jinja iko ubavuni mwa Sensō-ji. Mimi naona heri tuiache jinja iitwe jinja, kama tulivyoacha kimono iitwe kimono.

-jō ni ngome. Usifikirie Ngome ya Yesu ya Mombasa, kuta nene zinazotazama bahari. Hizi zina mnara wa ghorofa kadhaa wenye paa zilizopinda, umesimama juu ya msingi wa mawe. Himeji-jō ndiyo ya kuoneshea mfano: mnara wake mkuu ni wa mwaka 1609, wa mbao, wenye lipu nyeupe iliyoufanya ufananishwe na korongo mweupe. Osaka-jō inavutia kwa mbali, lakini mnara unaouona ni wa zege, wa mwaka 1931, na ndani mna lifti. Kyoto kuna Nijō-jō, ambayo humchekesha mwanafunzi: jō ya kwanza ni ya barabara, ya pili ni ya ngome. Kwa kanji hazifanani hata kidogo.

Kisha -san. Fuji-san, mita 3,776. Watu wengi wamesimuliwa kwamba Wajapani wanauheshimu mlima huo hadi wakauita Bwana Fuji, kwa sababu -san ndiyo heshima wanayoweka baada ya jina la mtu. Hadithi nzuri, ila siyo. San hii ni 山, mlima, kwa matamshi ya Kichina. Kwa Kijapani chenyewe ni yama, kama Arashiyama ya Kyoto yenye msitu wa mianzi. Fujiyama utaikuta kwenye midomo ya wageni. Mwenyeji anasema Fuji-san.

Hapa linazuka swali la mwandishi: je, niandike Mlima Fuji-san? Hapo nitakuwa nimesema mlima mara mbili. Ila nani asiye na dhambi hiyo? Nyasa kwa Kiyao ni ziwa, nasi tunasema Ziwa Nyasa bila kuona haya. Kanuni yangu ni kukata mkia pale jina linapobaki likieleweka: Mlima Fuji, Mto Sumida, Ziwa Biwa. Kwa -ji siukati. Ukisema "Hekalu la Sensō" Mjapani atakukodolea macho, kwa hiyo bora kurudia: Hekalu la Sensō-ji.

Matamshi yenyewe ni zawadi kwetu. Irabu ni a, e, i, o, u, zilezile zetu, na maneno ya kukopa hupewa irabu mwishoni kama tunavyofanya: hoteli ni hoteru, basi ni basu. Mnara wa Tokyo, wa mwaka 1958 na mita 333, unaitwa Tōkyō Tawā, neno la Kiingereza lililovishwa nguo za Kijapani. Mwenzake mpya wa mwaka 2012, Sukaitsurī (Skytree kwa Kiingereza), una mita 634, nambari inayoweza kusomwa mu-sa-shi, na Musashi ni jina la kale la eneo hilo.

Kinachotuponza ni urefu wa irabu. Kile kistari juu ya ō maana yake vuta sauti, kama unavyotofautisha kufa na kufaa. Tori ni ndege. Torii ni lango la jinja. Tōri ni barabara, na ikiwa mkia inakuwa -dōri. Ramani nyingi za herufi za Kilatini huacha kistari, hivyo usikilize watu zaidi ya kusoma vibao.

Mara chache mkia nao hudanganya. Sakurajima, volkano ya kusini inayotoa moshi kila mara, ina jima ya kisiwa, na kweli ilikuwa kisiwa mpaka mlipuko wa mwaka 1914, lava ilipoziba mlango wa bahari na kuiunganisha na rasi ya Ōsumi. Jina halikuguswa. Watu huiendea kwa feri kutoka ng'ambo ya ghuba, kutoka Kagoshima, mji ambao nao una shima mwishoni na si kisiwa.