Kufukiza samaki kwa majani ni nini, na kwa nini si kubanika

Kufukiza kumetokana na kufuka, kama moshi unavyofuka. Ni kukifanya kitu kifuke ili kingine kipate harufu yake. Watu wa pwani hufukiza nguo kwa udi na nyumba kwa ubani. Huku Mbeya neno hili lilitukaa mdomoni mwaka 2020, wakati wa korona, watu walipoinjika nyungu karibu kila nyumba: mchaichai, majani ya mlimao, ya mpera, ya mkaratusi, kisha blanketi gubigubi.

Kufukiza samaki ni jambo lilelile, ila aliye ndani ya blanketi ni samaki.

Watu hulichanganya na maneno mengine mawili. Kubanika ni kumwivisha samaki kwa joto la makaa, umle leo. Kukausha kwa moshi ni kumtoa maji polepole, kwa saa nyingi, ili asiharibike. Ndivyo wanavyofanywa kambale na mbasa wa Ziwa Nyasa wanaopandishwa huku milimani kutoka Kyela. Kufukiza kwa majani hakuivishi wala hakuhifadhi. Kazi yake ni harufu tu, na samaki asiyekaushwa ataoza vilevile huku ananukia mchaichai.

Mimi nililijua hilo baada ya kuharibu perege wanne. Nilikata mchaichai nyuma ya nyumba, nikautia motoni tangu mwanzo, tena kwenye kuni zinazowaka ndimi. Samaki walitoka weusi, wachungu. Mama mkubwa akaonja kipande, akaniuliza, “Huyu ulikuwa unamtibu ugonjwa gani?”

Kosa lilikuwa hili. Harufu ya jani hukaa kwenye mafuta mepesi yaliyomo ndani yake. Mchaichai na jani la mlimao vyote vina sitrali, kemikali yenye harufu ya limau, ndiyo maana vinanukia kama ndugu. Mafuta hayo hutoka kwa mvuke, hayahitaji moto mkali: kwenye nyungu yanajaa blanketi zima, na hapa Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kabla hata hayajafika nyuzijoto 95. Ukiyatia kwenye ndimi za moto yanaungua, unabaki na moshi wa nyasi. Kuni ni kinyume chake. Gogo la mwati halina harufu ya kuvutia likiwa limelala uani. Harufu ya moshi wake hutengenezwa na moto wenyewe, unapoivunja lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu. Kwa hiyo kuni lazima ziungue ndipo zinukie, na jani likiungua limekwisha.

Ndiyo maana majani huingia mwisho. Samaki kwanza atiwe chumvi, aning'inizwe penye upepo hadi ngozi inate kidole ukimgusa. Usiruke hatua hiyo: akiwa bado amelowa, moshi humgandia kama masizi na kumwachia ukakasi. Kisha awekwe kwenye pipa, akaushwe na kuiva hadi ndani kwa moshi wa kuni ngumu au magunzi ya mahindi, ambayo huku hayakosekani. Makaa yakishafifia na kufunikwa na majivu, weka juu yake majani yaliyolowekwa kidogo, funika pipa kwa jani la mgomba au gunia lililolowa, acha dakika 15 hadi 20. Ukiona ndimi za moto, nyunyizia maji.

Mafuta ya majani hushika zaidi penye mafuta ya samaki. Kambale mnono atanukia kuliko perege, hata wakikaa pipa moja.

Majani gani? Mchaichai na mlimao hazina ugomvi na samaki yeyote. Jani la mpera ni la upole. Kivumbasha na mrehani vina ukali kidogo, na kwa kambale mimi naupenda. Rozimeri, inayostawi vizuri kwenye baridi yetu, ina harufu inayokaribia kafuri, kwa hiyo vijiti viwili vinatosha. Mkaratusi uache kwenye nyungu. Kwa samaki unaleta harufu ya dawa ya kuchua. Wenzetu wa Mufindi, najua mbao za paini zimewazunguka, lakini utomvu wake hutoa masizi mazito, zisiingie kwenye pipa la samaki. Majani ya maua ya uani usiyoyajua pia yaache: baadhi yana sumu, na moshi wake nao si salama. Na mlimao uliopuliziwa dawa ya wadudu juzi, usiuguse.

Harufu hii haidumu. Samaki mkavu hukaa, lakini mafuta mepesi hupeperuka, na kwenye unyevu wa Tukuyu msimu wa mvua usipoangalia anaota hata ukungu. Mama mkubwa yeye huwaweka samaki wake wakavu kwenye kichanja juu ya mafiga, bila jani lolote. Jioni akitaka kupika humshusha mmoja, huvunja jani la mlimao mlangoni, na kumfukiza huyo tu.