Mfarishi wa viraka wa ukoo: anza na kiraka kichanga kuliko vyote

Mfarishi wa viraka, yaani blanketi lililoshonwa kwa vipande vya nguo, ukirithiwa huja na maneno yake: ulishonwa na mama yake bibi, kwa mkono, kabla ya vita. Maneno hayo huteleza kizazi kimoja kwa urahisi, kwa sababu wasimuliaji humpa sifa ya ufundi yule wanayemkumbuka akijifunika. Yasikilize na uyaandike, kisha ukiulize kitambaa.

Umri wa mfarishi hupimwa kwa kiraka chake kichanga kuliko vyote. Mshonaji alikuwa akiweka mabaki ya nguo kwa miaka mingi, kwa hiyo kipande cha gauni la 1840 kinaweza kushonwa ubavuni mwa kitambaa cha 1880. Mfarishi huo ni wa 1880 au baadaye, hata kama viraka vyake vingine vyote ni vikongwe.

Tena, mfarishi mmoja una tarehe zaidi ya moja. Una uso wa viraka, pamba au sufu katikati, na bitana nyuma, vyote vikiwa vimeshikwa pamoja kwa mishono ya kudarizi. Uso uliweza kukaa sandukuni miaka thelathini kabla ya binti au mjukuu kuudarizi. Pindo la pembeni ndilo huchakaa kwanza, na mara nyingi limebadilishwa. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846 na Singer mwaka 1851, kwa hiyo mshono wa cherehani kwenye viraka vyenyewe unakuambia jambo. Ukiuona kwenye pindo tu, umejua umri wa pindo. Mshono wa mkono nao hauthibitishi kuwa kitu ni cha kale. Watu wanadarizi kwa mkono hadi leo.

Rangi ndizo zinazosema zaidi. Rangi ya kwanza ya kiwandani iliyopata soko, zambarau ya William Perkin, ilipatikana 1856. Tazama ndani ya mishono, mahali ambapo mwanga haukufika: kiraka kinachoonekana cha rangi ya udongo kinaweza kuwa zambarau tupu huko ndani. Viraka vya kahawia au vyeusi vilivyolika huku majirani zao wakiwa wazima, kwa kawaida vilitiwa rangi kwa kutumia chuma, na chuma hicho ndicho kinachokula nyuzi. Hariri iliyochanika mistari mistari kama karatasi kavu huenda ilitiwa chumvi za bati ili iongezeke uzito, desturi iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Hiyo haiponi. Ifunike kwa wavu mwembamba laini wa rangi inayofanana, ukishona kwenye kitambaa kizima kinachoizunguka, wala usikitoe kiraka cha asili.

Ukiinua mfarishi kwenye mwanga ukaona vijidoa vya mbegu katika pamba, utaambiwa ni wa kabla ya mashine ya Eli Whitney ya kuchambulia pamba, ya 1793. Si kweli. Pamba ya bei nafuu iliendelea kuwa na takataka za mbegu muda mrefu baada ya hapo.

Mifarishi ya viraka vya pembe sita huwa na hazina nyingine: kila kiraka kilikunjiwa juu ya karatasi, na kama uso haukumalizika, karatasi bado zimo. Zilikatwa kutoka barua, magazeti na daftari za hesabu. Tarehe iliyomo inaonyesha kwamba kazi haikufanywa kabla ya hapo, basi. Zisome na kuzipiga picha zikiwa mahali pake. Ukizichomoa umeharibu ushahidi.

Taa ya urujuanimno (UV) nayo inasaidia, ila inadanganya. Sabuni za kisasa zina kemikali ya kung'arisha weupe, hivyo mfarishi mkuukuu uliofuliwa juzi utang'aa wote. Kinachofaa kutiliwa shaka ni uzi mmoja au kiraka kimoja kinachong'aa peke yake.

Usiufue kabla ya haya yote. Hata baadaye, hariri na sufu usizifue nyumbani. Kwa pamba, dondoshea kila rangi tone la maji, bonyeza kwa kitambaa cheupe dakika kadhaa, kisha rudia kwa maji ya sabuni. Hata rangi moja ikichuja, usiufue. Vumbi linatolewa kwa kifyonza chenye nguvu ndogo, kupitia wavu.

Uhifadhi ndani ya kitambaa cha marekani kilichofuliwa, si mfuko wa plastiki, wala usigusane na mbao tupu. Weka karatasi isiyo na asidi kwenye mikunjo, na kila miezi michache ukunje upya mahali pengine, la sivyo utakatika kwenye mikunjo ileile.

Mwisho, shona lebo ya pamba kwenye bitana, ukipitisha sindano kwenye bitana pekee. Andika jina la mshonaji, aliyemrithi na mahali. Lile ambalo kitambaa hakikulithibitisha, litanguliwe na neno “inasemekana”.